Mashine ya Pumzi ya Kabini 612

Kufika saa nane mchana, Inspekta Salhiya alikuwa keshaambiwa na watu watatu atie saini.

Kwanza nahodha wa meli, kwa heshima. Kisha mkubwa wake wa kazi, kwa simu, bila heshima. Na sasa Dragan, mkuu wa usalama wa meli, bwana mrefu mwenye shingo nyekundu, alikuwa amesimama mlangoni mwa kabini 612, karatasi mkono huu na kalamu mkono huu.

"Saa kumi na mbili jioni tunaondoka," alisema kwa Kiingereza. "Abiria elfu moja na mia nane wananingoja. Jambo liko wazi, Inspekta."

"Likiwa wazi halitaharibika kwa saa nne. Nipishe nipite."

Akampisha.

Karatasi ilikuwa fupi. Yussuf Mjaka, miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Maskati, alikutwa amekufa kitandani asubuhi ile, meli ilipokuwa inaingia bandari ya Malindi, Unguja. Alikuwa na maradhi ya kuzibwa pumzi usingizini na alilala kwa mashine. Muuguzi wake wa kuajiriwa, Mwanapili, hakumvalisha mashine kwa wakati. Saa ya kifo: 05:10 alfajiri. Sababu: uzembe.

Salhiya akitia saini pale chini, Mwanapili angeteremshwa ngazi za meli na pingu, na usiku huu angelala rumande. Maiti angezikwa baada ya alasiri bila kupasuliwa. Meli ingekwenda zake na kitanda hiki kingetandikwa shuka mpya.

"Munir, picha," alisema. "Kila kitu, kabla hujagusa."

Koplo Munir alianza na kitanda. Salhiya alianza na mashine. Lilikuwa boksi jeusi, dogo kama redio ya mezani, juu ya kijimeza cha kitandani. Bomba laini lilitoka ubavuni mpaka kwenye kinyago cha kufunika pua na mdomo, chenye mikanda ya kupita kisogoni. Kazi yake ni moja: kusukuma hewa usiku kucha ili koo la mtu lisijifunge akilala. Ubavuni kulikuwa na kijitangi cha maji ya kuilainisha hewa. Maji yalikuwa bado yamo, na ukingoni yameacha weupe kama chokaa.

"Hiyo," Dragan alinyoosha kidole. "Humo hutiwa maji maalumu, yasiyo na chumvi yoyote. Tulimwekea galoni mbili tangu Mombasa na hakuna iliyofunguliwa. Huyo msichana ametia nini?"

"Nitamuuliza. Umeme inachukua wapi?"

Waya wa mashine ulikuwa mfupi. Uliungwa kwenye ekstensheni ya meli, nyeupe, ndefu. Za abiria wenyewe hunyang'anywa wakipanda, kwa kuogopa moto. Ekstensheni ilipita nyuma ya kitanda mpaka chini ya meza ya kuandikia, kwenye soketi pekee ya upande ule. Salhiya alipiga magoti na kuingiza kichwa. Soketi ilikuwa tupu. Plagi ilikuwa sakafuni, mwisho kabisa ukutani, na waya wa ziada umezungushwa duara nzuri.

"Nani kaichomoa?"

"Tumeikuta hivyo. Tunadhani alichomoa mwenyewe. Wazee huchanganyikiwa usiku."

Salhiya alitoka chini ya meza akipangusa magoti. Kando kulikuwa na kiti kimegeuzwa upande wa kibla, na mbele ya kiti msala umetandikwa. Alivitazama viwili vile kidogo, akaandika neno moja kwenye daftari lake.

"Na saa ya mkono hii, afande," Munir alisema. Ilikuwa kando ya tasbihi: saa ya zamani ya kutia ufunguo, mishale miwili tu. "Imekufa. Imesimama saa mbili na dakika tano."

"Piga picha, iache hapohapo."

Dragan alimpa karatasi mbili nyengine. Ya kwanza daktari wa meli aliitoa kwenye kadi ya mashine, kwani mashine ile hukumbuka kila usiku. Imewashwa 03:20. Imezimika 05:10, kwa kukatika umeme. Ya pili ilikuwa ya mlango, ambao huandika kila kadi inayoufungua kutoka nje. Saa tatu na dakika tano usiku, kadi ya muuguzi. Saa tano na dakika nne usiku, kadi ya mtoto wa ndugu wa marehemu, Nadir. Kisha kimya mpaka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, muuguzi tena. Hapo ndipo alipopiga kelele.

"Unaona?" Dragan alisema. "Yeye anasema alimvalisha saa tatu na dakika ishirini usiku. Mashine inasema iliwashwa saa tisa na dakika ishirini, usiku wa manane, na wakati huo mlango haukufunguliwa na mtu. Mzee ameamka hana mashine, akajaribu kuivaa mwenyewe, ikamshinda. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Salhiya alizikunja karatasi mbili zile na kuzitia kwenye daftari. Maelezo yalikaa sawa kila upande, na hilo ndilo lililomuudhi.

*

Mwanapili walimweka kwenye stoo ya mashuka, mlinzi mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mtu wa Uroa, kavaa sare yake ya uuguzi na buibui juu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

"Sikukuuliza hamu. Munir, katafute chai na mkate. Mamaako yuko getini tangu saa nne, na kikapu chake. Nimemwambia angoje."

Midomo ikaanza kumcheza.

"Utalia baadaye," Salhiya alisema, akavuta ndoo akaigeuza na kuikalia. "Jana usiku. Tangu mwanzo, na saa zake."

"Nliingia saa tatu na dakika tano. Nkamtilia udhu, akaswali Isha kitini—"

"Kwa nini kitini?"

"Magoti, bi. Mwaka wa sita huu hayakunjiki. Tasbihi ikimwanguka, mie ndo wa kuiokota. Alipokwisha kuswali nkamlaza, nkamvalisha kinyago. Saa tatu na dakika ishirini. Nkakaa mpaka kashikwa na usingizi mzuri, nkatoka saa nne kasorobo. Mashine inavuma, bi. Nliisikia kwa masikio yangu inavuma."

"Alilala upesi?"

"Kuliko siku zote. Alikuwa anasinzia tangu mezani. Nadir alimpa vidonge vya mafua, ati mzee anapiga chafya. Nkamwambia, daktari kakataza kidonge chochote cha kulaza. Akanambia, hivi vya mafua tu, na wewe ni mshika bakuli, si daktari. Nliandika kwenye daftari langu. Wamelichukua."

"Nitalichukua na mie. Maji uliyotia kwenye mashine?"

Mwanapili aliinama.

"Sema. Hapo ndipo wanapokushikia."

"Zamzam."

Salhiya aliweka kalamu chini.

"Kaniamrisha mwenyewe! Miaka arobaini na mbili hajakanyaga Unguja, bi. Akasema, usiku wa kuamkia kwetu nataka nivute Zamzam ya Makka, si maji ya galoni. Nkamwambia yana chumvi, yataharibu mashine. Akanicheka. Akasema, Mwanapili, mashine n'tanunua nyengine, usiku huu sitaununua. Chupa imo mkobani mwangu. Yeye kanywa, na mie nimekunywa."

Basi ile chokaa ilikuwa chumvi ya Zamzam. Salhiya aliifuta habari ya sumu kichwani, akasonga mbele.

"Alikuja kufanya nini baada ya miaka yote hiyo?"

"Nyumba yake ya Kiponda. Leo saa nne asubuhi alikuwa aende kuiandikisha wakfu, iwe madrasa."

"Anakaa nani?"

"Nadir. Kaigeuza ya wageni, vyumba tisa. Alimfuata mzee Mombasa, wakapanda meli pamoja."

"Na Nadir kajua lini habari ya wakfu?"

"Juzi, mezani. Hakusema kitu. Alikata nyama yake tu."

Chai ilifika. Salhiya alisubiri mpaka aone Mwanapili amemeza tonge la kwanza.

"Sikiliza, mwanangu. Wewe unasema saa tatu na dakika ishirini. Mashine inasema saa tisa na dakika ishirini. Mmoja wenu muongo."

"Mie sisemi uongo, bi. Na mashine wallahi sijui ina nini."

*

Nadir alikuwa kwenye ukumbi wa kahawa, kanzu imepigwa pasi mpaka imesimama, simu mbili mezani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya upole. Alinyanyuka.

"Bi Inspekta, kaburi lishachimbwa. Watu wameshakusanyika. Maiti wa Kiislamu anawekwa anangoja nini?"

"Pole kwa msiba. Ananingoja mie. Usiku uliingia kwake saa tano na dakika nne."

"Kumuaga tu. Nlimkuta kakaa kitako anatazama tivii. Hajavaa kinyago. Nkamuuliza, mbona hivyo? Akasema, msichana atakuja kunivalisha. Nkatoka. Dakika mbili hazikufika." Alitikisa kichwa. "Ningejua yule mtoto kenda kulala zake, ningekaa mwenyewe."

"Mashine unaijua?"

"Ya baba yangu mdogo, bi, nitaachaje kuijua?"

"Saa yake iko sawa? Ile saa ya ndani inayoandika."

"Sawasawa," alijibu mara moja. "Nliirekebisha kwa mkono wangu Mombasa, nikaifuatisha saa ya meli. Haipungui dakika."

"Na kadi ya mashine, nani alimpelekea daktari?"

"Mie. Nlitaka haki ionekane."

Salhiya alimshukuru. Mtu aliyefiwa asubuhi, alijiambia kwenye ngazi, na kumbukumbu zake zote zimenyooka kama kanzu yake.

*

Salhiya alisoma ripoti ya daktari wa meli juu ya maiti akiwa amesimama kabini, akaisoma tena. Mstari wa nne: *saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, taya na shingo vimekaza, mikono imeanza kukaza.*

Mamaake Salhiya alikuwa mwosha maiti wa kike, Kikwajuni. Tangu ana miaka kumi na sita Salhiya alikuwa akimshikia ndoo, na miguu, na vichwa. Alijua maiti wa saa moja akiguswa anavyokuwa: mlaini, mzito, kama aliyelala. Alijua pia kazi ya kumfunga taya maiti aliyechelewa kuonekana.

"Dragan, mzee huyu mnasema kafa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri."

"Mashine inasema."

"Saa moja na dakika kumi baadaye taya na shingo vishakaza, mpaka mikono imeanza? Mpigie simu daktari wako."

"Baridi ya kabini labda—"

"Baridi huchelewesha. Mpigie."

Alimpigia. Alisikiliza muda mrefu, na shingo yake ikazidi wekundu.

"Anasema alishangaa. Lakini kwa kuwa rekodi ilikuwepo..."

"Kaamini karatasi kuliko mikono yake. Huyu kafa masaa mengi kabla ya alfajiri. Rekodi ndiyo mbovu. Sasa nataka kujua ni mbovu kwa kiasi gani."

Alianza kukusanya vitu vya marehemu kwenye mifuko, kwa sababu mikono yake hufikiri vizuri ikiwa na kazi. Msahafu. Tasbihi. Saa. Aliiinua saa kuitia mfukoni, akasimama.

Ilikuwa inapiga. Aliipeleka sikioni. Ndogo, nyepesi, lakini inapiga.

"Munir. Hii ulisema imesimama saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika tano, afande."

"Sasa?"

Munir alisogea. "Saa mbili na... dakika arobaini na tatu." Akakunja uso. "Si ilikuwa imekufa?"

Salhiya alitazama simu yake. Saa nane na dakika arobaini na tatu mchana. Saa haikuwahi kusimama; dakika zake zilikuwa zilezile za simu. Mshale mfupi ndio uliokosea, na haukukosea ovyo: ulikaribia tisa, kama mtu aliyeiweka saa ionyeshe tarakimu ileile inayosemwa na mdomo.

Kwao Kizimkazi kulikuwa na saa ya ukutani ya babu yake namna ile. Ikiwa saa nane mchana, mshale kwenye nane. Salhiya alipoanza skuli alichapwa kwa kuisoma saa ya mwalimu kama ya babu. Baada ya hapo alijifunza kama walivyojifunza wote: mshale uko kwenye nane, unasema saa mbili, na huulizi.

"Chomeka mashine," alimwambia Munir.

Munir aliingia chini ya meza. Kioo cha boksi kiliwaka buluu, na pembeni tarakimu ndogo zikatokea. 8:44.

"Astaghfirullah," Munir alisema.

Dragan aliangalia kioo, akaangalia saa yake, akamwangalia Salhiya.

"Mzee huyu hakukubali saa za watu wengine," Salhiya alimwambia. "Sisi tunahesabu tangu jua linapotua na linapochomoza. Saa tatu ni saa tatu baada ya jua, hata kama saa yako inaonyesha tisa. Yeye saa zake zote aliziweka zionyeshe tatu. Rekodi yako irudishe nyuma saa sita."

Mkuu wa usalama alihesabu kwa vidole, bila kuona haya. Mashine haikuwashwa usiku wa manane. Iliwashwa saa tatu na dakika ishirini usiku, kama alivyosema Mwanapili. Ikazimika saa tano na dakika kumi.

"Nadir aliingia saa tano na dakika nne," alisema taratibu.

"Na anasema mzee alikuwa macho, hajavaa kitu."

"Lakini atasema hakujua habari ya saa. Atasema alikosea."

"Atasema," Salhiya alikubali. Alichukua taulo, akalitandika juu ya mashine. "Mwite. Mwambie nimemaliza, aje kukabidhiwa vitu."

*

Nadir aliingia na shukrani nyingi. Salhiya alikuwa kakaa kwenye kiti cha kuswalia, fomu juu ya goti, amechoka kama mtu aliyekubali kushindwa.

"Msahafu mmoja. Tasbihi moja. Saa ya mkono moja. Inafanya kazi?"

Nadir aliitia sikioni. "Inafanya. Hii kaivaa tangu mie mdogo."

"Basi nitajie saa tuandike muda wa kukabidhi. Simu yangu imezima."

Aliitupia jicho tu. "Saa tisa na dakika kumi."

Kalamu ya Salhiya haikutembea.

"Mpe Munir. Munir, soma."

Munir aliipokea kwa mikono miwili. "Saa tatu na dakika kumi, afande."

Kutoka nje ilisikika winchi ya bandari ikilia.

"Munir kasoma kama angesoma mtu yeyote mji huu," Salhiya alisema. "Mie pia. Wewe umeisoma kama mwenye saa."

"Bi, nnajua alasiri inakaribia. Haiwezi kuwa saa tatu."

"Hilo jibu zuri." Alivuta taulo. 9:11, kioo kilisema. "Na hii uliyoirekebisha Mombasa kwa mkono wako, haipungui dakika? Imepotea saa sita, Nadir. Ulijua. Ukaichukua kadi ukampelekea mgeni asiyejua, ukamwacha aisome kwa saa zake."

"Basi kaichomoa mwenyewe! Mzee alikuwa—"

"Kaichomoa wapi?"

Macho ya Nadir yalikwenda chini ya meza, pembeni, ukutani. Munir alikuwa amekwishaihamishia mashine soketi ya upande wa pili, na plagi ya ekstensheni imelala katikati ya zulia. Nadir aliiona hapo zuliani, lakini macho yake yalikuwa yameshatangulia ukutani.

"Plagi ilikuwa hukohuko ulikotazama," Salhiya alisema. "Mwisho wa ukuta. Mie nina magoti mazima na nimeingia kwa kutambaa. Huyu ni mwaka wa sita anaswali juu ya kiti hiki nilichokalia. Na waya mtu kauzungusha vizuri, asije mtu akajikwaa. Pasi zako nzuri, Nadir. Unapenda vitu vikae mahali pake."

Nadir alikaa ukingoni mwa kitanda, akakumbuka ni kitanda gani, akanyanyuka.

"Nlidhani ataamka," alisema. Upole wa sauti ulikuwa umebaki uleule. "Siku zote akikosa hewa huamka. Nlitaka achoke tu, leo asiweze kutoka. Siku moja tu nimpate, nizungumze naye."

"Akiwa na vidonge vyako tumboni?"

Nadir aliinyoosha kanzu yake. Munir alitoa pingu.

Salhiya alipiga simu mbili. Kwa wazikaji: leo hakuna maziko, maiti anakwenda kupasuliwa. Kwa mkubwa wake: ndiyo, afande, nimeandika, lakini si mnavyotaka. Kisha akanyoosha mkono kwa Dragan, akaichukua kalamu aliyokuwa akisukumiwa tangu mchana, akakata 05:10, akakata *uzembe*, akakata jina la Mwanapili mistari miwili.

"Chapisha nyengine," alisema. "Una saa tatu kasoro."

Salhiya alimkuta Mwanapili bado yuko stoo, mkate ameumaliza. Alimwambia kwa maneno machache. Msichana alijishika ukutani, halafu akafungua mkoba wake na kutoa chupa ya plastiki, maji yamefika nusu.

"Na haya, bi? Mtayachukua?"

"Mkemia atataka kidogo. Kizibo kimoja." Salhiya aliipokea chupa, akaitazama kwenye taa, akaifunga vizuri. "Yaliyobaki nitawapa wanaume watakaomwosha. Nenda kwa mamaako."

Mwanapili aliufikia mlango, akarudi.

"Waambie maji yasiwe ya baridi, bi. Mzee hapendi baridi."

"Nitawaambia," Salhiya alisema, akaiandika kwenye daftari.